Kijidudu cha Saemgol

Barua ya Wajerumani ilikuwa fupi na yenye adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyomuuma zaidi Tak Yeonju. Walisikitika kumjulisha kwamba sampuli ya TY-41 aliyowatumia haikuota. Walikuwa wamefuata maelekezo yake hatua kwa hatua. Hii ilikuwa mara ya tatu, na wasingependa kujaribu ya nne bila maelezo mapya. Chini wakaweka salamu za heri.

Yeonju aliisoma mara mbili, akavua glavu, akaketi kwenye kile kiti cha maabara kilichokosa gurudumu moja. Nje ya dirisha miti ya ginkgo ya Daejeon ilikuwa imegeuka manjano na watu walikuwa wakipigana picha chini yake. Alitamani inyeshe mvua moja kubwa iyapukutishe majani yote, yaishe, watu waende makwao.

TY-41 alikuwa kijidudu cha udongo. Yeonju alimpata miaka mitatu nyuma katika shamba la baba yake la jinseng, ule mzizi wa dawa: doa moja la rangi ya kiini cha yai, limejibanza pembeni mwa kisahani kilichojaa madoa ya vijidudu vingine, vile ambavyo kila mtu anavijua na havina mwenyewe. Angeweza kulipita. Hakulipita, na tangu siku hiyo hakuwa na siku ya kupumzika. Alimchunguza yule kijidudu kama mama mkwe anavyomchunguza bibi arusi. Alisoma urithi wake herufi kwa herufi, akapima mafuta ya ngozi yake, akamwonjesha sukari thelathini na mbili moja baada ya nyingine aone anakula ipi na anaisusa ipi, akamtia kwenye baridi, kwenye joto, kwenye chumvi. Ndugu yake wa karibu kabisa duniani alikuwa binamu wa mbali aliyetoka kwenye tope la ziwa fulani, na hata huyo walifanana kwa shida. Hapakuwa na shaka. Huyu alikuwa mpya, hajawahi kuandikwa popote.

Lakini kuwa mpya hakutoshi. Watu wa vijidudu wana sheria moja isiyo na huruma: jina halikubaliwi mpaka kijidudu chenyewe kiwe hai katika nyumba mbili za kuhifadhia, katika nchi mbili tofauti, ili mtu yeyote akitaka kukiona akione. Nyumba ya Korea ilikuwa hapohapo jijini na walimpokea vizuri, kwa kuwa Yeonju mwenyewe alikwenda kuwapikia chakula chake. Nyumba ya pili ilikuwa Ujerumani, na huko TY-41 alikuwa anafika, anafunguliwa, na anakataa.

Profesa Pyo, mkuu wa maabara, aliingia akikoroga kahawa ya pakiti kwa ile pakiti yenyewe.

"Wazungu wanasemaje?"

"Hajaota, Profesa."

"Na kwetu?"

"Kwetu anaota. Polepole, wiki tatu, lakini anaota."

"Basi umemdekeza. Mtoto anayekula kwa mkono wa mama yake tu, ukimpeleka bweni anakonda mpaka anarudishwa." Akapuliza kahawa. "Unampa nini ambacho hukukiandika?"

"Nimeandika kila kitu. Chumvi zote, sukari, supu ya udongo..."

"Udongo gani?"

"Udongo tu, Profesa. Unauchemsha, unauchuja, unachukua yale maji."

"Dokta Tak. Nimekuuliza udongo gani."

Macho ya Yeonju yalikwenda yenyewe kwenye rafu ya chini, kwenye sanduku la plastiki la rangi ya waridi ambalo kwa haki lilikuwa la kimchi, kabichi ya kuchachushwa. Kila mwaka mwisho wa Novemba, baba yake alipomtumia kimchi ya kipindi cha baridi, aliongeza sanduku moja la udongo wa shamba, kwa kuwa mwaka wa kwanza bintiye aliuomba na mzee alidhani ndiyo desturi. Supu zote za miaka mitatu zilitoka kwenye masanduku hayo. Kwenye maelekezo aliandika "supu ya udongo" kama mtu anavyoandika "maji". Kwake udongo ulikuwa ndio ule. Alikua nao kwenye kucha, hakuwahi kufikiri kwamba una jina.

Profesa Pyo aliyafuata macho yake mpaka kwenye rafu, akaelewa, akasahau kahawa.

"Limebaki kiasi gani?"

"Ni tupu. Kuna supu nusu chupa."

"Wahariri wa jarida wamekupa mpaka mwisho wa Januari. Mkataba wako unaisha Februari, na bila makala hii sina cha kuwaambia wale wa juu. Nenda nyumbani kwenu, uchimbe gunia zima, uwatumie Wajerumani wapike wenyewe." Akageuka mlangoni. "Miaka mitatu, halafu udongo! Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Dokta Tak."

Siku hiyohiyo Yeonju alikusanya udongo wa bustani ya chuo na wa mashamba kumi ya jinseng uliokuwa umehifadhiwa maabara, akapika supu kumi na moja, akampanda TY-41 kwenye zote. Majibu yangechukua wiki tatu. Jumamosi akapanda basi la Geumsan, wilaya ya kwao.

Saemgol, kijiji cha kwao, kilikuwa kimebaki na nyumba saba. Wilaya ilikuwa imekiunganisha kijiji na jirani yake mwaka uliopita, na kibao cha kituoni kikang'olewa, kwa hiyo dereva aliuliza, "Unashuka wapi, dada?" na Yeonju akajibu, "Pale penye shimo la kibao." Alipanda njia ya shamba kwa miguu. Alitarajia kuona matuta meusi yaliyovunwa, majani makavu ya mpunga yametapakaa, nguzo za kuwekea mimea kivuli zimelazwa. Alipofika kwenye kona alisimama kama aliyekatazwa kupita.

Shamba lilikuwa jekundu. Kutoka ukingo hadi ukingo lilikuwa limejaa udongo mpya wa mlimani, mwekundu, wenye punje za mawe zinazometameta kwenye jua, na juu yake alama za minyororo ya tingatinga.

Baba yake, Tak Mansik, mzee wa miaka sabini na tisa, alikuwa ameketi kwenye kreti iliyopinduliwa akikwangua kutu kwenye jembe.

"Umekula?" akauliza.

"Nimekula."

"Muongo. Uso umesinyaa kama figili iliyosahaulika stoo."

"Baba, udongo uko wapi?"

"Si huo hapo."

"Ule wa zamani, Baba. Wetu."

"Ah, ule? Nimeutoa. Malori ishirini na mbili. Wiki iliyopita yote nilikuwa nahesabu malori." Alijinyoosha mgongo kwa majivuno. Jinseng ikishakaa ardhini miaka yake sita na kung'olewa, shamba halitaki kuiona tena kwa miaka kumi, kumi na mitano. Ukiilazimisha inaozea chini. Mwenye haraka huubeba udongo wote, akautupa, akaleta mwingine. Yeonju aliyajua hayo kabla hajajua kusoma. Alichokuwa hajakifikiria ni kwamba baba yake, kwa umri ule, angekuwa na haraka.

"Unataka kupanda tena? Miaka sita, Baba?"

"Nani kasema mimi?" Mzee aliinamia jembe. "Wewe huna kazi ya kueleweka. Kila Februari unakaa roho juu. Nikifa, nisikuachie udongo mgonjwa. Utalikuta shamba safi, utapanda, utauza, shauri yako. Mtu asije akasema Mansik kamwachia binti yake uchafu."

Yeonju akachuchumaa palepale njiani. Aliuliza malori yalikwenda wapi, ingawa alishakisia. Yalikwenda kujaza barabara kuu mpya. Lami ilikuwa imeshapita juu yake Alhamisi.

Alimweleza baba yake yote, kwa maneno mepesi, na mzee alisikiliza mkono umetulia juu ya jembe. Kwa upande wake alikuwa na swali moja tu, na Yeonju alikuwa akiliogopa.

"Kwa hiyo lile jina letu?"

Wakati wa sikukuu ya mavuno Yeonju alifanya kosa la kumwambia. Alimwambia kwamba kijidudu kikikubaliwa, jina lake la pili litakuwa saemgolensis, yaani wa Saemgol, na litakaa katika vitabu vya dunia hata kama hapatabaki mtu kijijini. Mzee alilichukua lile neno, akaliandika kwa herufi za Kikorea kwenye kalenda ya ukutani, akawa analitamka kila asubuhi akinywa maji, mpaka akaliweza. Nyumba zote saba zilikuwa zinalijua.

"Bila udongo ule hakuna jina, Baba."

Mansik akarudia kukwangua jembe. Macho ya Yeonju yalikuwa yameshapanda kilima kilicho nyuma ya nyumba, mahali alipozikwa mama yake mwaka jana majira ya kuchipua. Kilima kile ni mwamba mtupu. Tuta la kaburi lilipokosa udongo, wanaume wa kijiji waliubeba kutoka kwenye vichochoro vya shamba hili, mizigo arobaini mgongoni. Udongo wa Saemgol uliosalia duniani ulikuwa umeketi pale juu, umeota majani.

Baba yake aliona anakotazama.

"Usithubutu."

"Sanduku moja, Baba. Pembeni tu, chini kabisa. Nitarudishia majani yake, hata hapataonekana."

"Yeonju, una wazimu? Kaburi linachokonolewa ovyo? Subiri siku ya makaburi Aprili, tutaligusa kwa heshima yake na sadaka yake. Au mwezi wa ziada wa kalenda ya zamani, ambao makaburi hayana mwiko, miaka miwili ijayo. Ukoo wa Gi waliligusa la babu yao siku isiyo yake, unajua kilichowapata. Walikufa watatu kwa msimu mmoja."

"Aprili nitakuwa sina kazi. Na jina litakuwa limekufa."

"Mama yako si ghala."

"Mama angekubali. Unajua angekubali!"

Mzee alisimama. Haikuwa hasira iliyomsimamisha.

"Mama yako alikubali kila kitu maisha yake yote," alisema. "Mimi nikitaka, anakubali. Wewe ukitaka, anakubali. Mwache safari hii akatae."

Walikula pamoja, na basi la saa tisa likamrudisha Yeonju Daejeon mikono mitupu.

Wiki ya nne ya Novemba supu zote kumi na moja zilikuwa zimetoa jibu lilelile. Visahani vilikuwa safi kama vilivyotoka dukani. Ile nusu chupa ilikuwa imebaki robo. Siku ya tatu baada ya hapo mleta vifurushi akashusha masanduku matatu yenye harufu ya kitunguu saumu na dagaa wachanga waliochachushwa: mawili mekundu ya kimchi, na la tatu la rangi ya waridi, limezungushiwa gundi ya karatasi mara nne. Juu yake, kwa mwandiko wa baba yake uliolalia kushoto, paliandikwa: "Udongo wa mama yako. Nimemwomba ruhusa."

Alichukua mkasi akakata gundi. Alifungua kifuniko. Juu palikuwa na kishungi cha majani ya kaburi, mafupi, yaliyokauka, mizizi yake imening'inia. Alikiinua kwa vidole viwili.

Chini yake udongo ulikuwa mwekundu, wenye punje zinazometameta.

Kazi yote ya Yeonju ilikuwa kujua kwamba kitu si kile kinachoitwa. Hakuhitaji darubini wala kipimo. Udongo wa kaburi ungekuwa mweusi, wenye vipande vya majani ya mpunga na nyuzi za mizizi ya jinseng. Huu ulikuwa wa mlimani, wa lori, haukuwa na mwezi mmoja pale shambani. Alijilaza kwa kifua juu ya meza ya maabara akalia, kwanza kwa hasira, kwamba anamdanganya yeye, kwenye jambo hili, mtoto wake pekee. Halafu akakitazama tena kile kishungi na hasira ikamtoka, pakabaki kitu kizito zaidi. Majani yalikuwa ya kweli. Majani ya namna ile hayaoti shambani. Mzee alikuwa amepanda kilima na sanduku na magoti yake mabovu, akapiga magoti, akaomba ruhusa, akashika majani ya juu akayang'oa. Akaishia hapo. Mkono ulikataa kwenda chini zaidi. Akateremka, na kwa kuwa alimpenda bintiye na hakuweza kumrudishia sanduku tupu, akalijaza njiani.

Ardhi ilikuwa bado haijaganda. Yeonju alilifikiria hilo kupita kiasi. Jumamosi, basi la asubuhi, kijiko cha maabara. Mzee angekuwa sokoni na jinseng yake ndogondogo, asingejua kamwe. Jumamosi ikafika. Alivaa viatu, akafika mpaka kituo cha basi, basi likaja, mlango ukafunguka, na alichokiona mbele yake ni ule mwandiko uliolalia kushoto. Akilichimba lile kaburi na kijidudu kikaota, atakuwa amemwambia baba yake: nilijua ulinidanganya. Akamwonyesha dereva kwa mkono aende tu.

Hata hivyo aliupika ule udongo mwekundu. Mtu wa maabara hasemi kitu hakioti mpaka akipande. Akauchemsha, akauchuja, akamwaga visahani sita, akampanda TY-41 kwa mkono uleule, akaandika tarehe.

Tarehe ishirini na mbili Desemba, siku fupi kuliko zote, alivitoa visahani vyote sita akavitazama kwenye mwanga. Hapakuwa na hata doa. Robo ya chupa aliyobakiza alikuwa ameitumia kumkuzia TY-41 mara ya mwisho. Akavigawa vile vijidudu katika vichupa ishirini, akavizika kwenye friza ya nyuzi themanini chini ya sifuri. Humo havifi. Vinaweza kulala miaka hamsini. Ila kitu pekee duniani cha kuviamshia kilikuwa kaburini, na Yeonju alipofunga mlango wa friza alijua amefunga nini.

Aliwaandikia wahariri kwamba anaiondoa makala yake. Profesa Pyo alikuja akasimama nyuma yake, akaisoma, na kwa mara ya kwanza hakupata la kumtania. "Nitaongea nao juu kuhusu Februari," alisema, na wote wawili walijua ataongea na hakitatokea kitu.

Jioni simu ikaita.

"Umekula uji wa maharagwe mekundu?" aliuliza baba yake. "Leo ndiyo siku yake. Usipokula, mikosi inakuzoea."

"Nimekula, Baba." Hakuwa amekula kitu tangu asubuhi.

"Mimi nimepika mwingi, nimewapelekea nyumba zote sita." Akakohoa. Akauliza kuhusu baridi, akauliza kuhusu kimchi kama chumvi haikuzidi. Kisha, kama mtu anayeuliza habari za jirani: "Na kile kidudu? Kimeota?"

Yeonju alivitazama vile visahani sita vilivyopangwa mbele yake, vitupu.

"Kimeota, Baba."

Upande wa pili Yeonju alisikia televisheni ya mzee ikicheka peke yake, halafu akasikia ikizimwa.

"Kimeota?" Sauti ilikuwa imepungua. "Kwenye ule udongo niliotuma mimi?"

"Uleule. Kimeota vizuri sana."

Mzee alijua alichokitia kwenye lile sanduku. Yeonju alimsikia akivuta pumzi, akiishusha, akiivuta tena, na aliogopa kwamba atasema, na aliogopa kwamba hatasema. Alikuwa na miaka thelathini na nne na alitaka kulia kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Vizuri," alisema Mansik hatimaye. "Basi vizuri." Akakohoa tena. "Yeonju."

"Naam, Baba."

"Yale majani ya juu, unayo bado?"

"Ninayo."

"Nitumie. Nataka kumrudishia mama yako." Akaongeza: "Majani tu. Huo udongo utupe."

"Sawa, Baba."

"Kale. Najua hujala."

Simu ilipokatika Yeonju alikichukua kile kishungi, akakifunga kwa karatasi ya kuchujia, akakitia kwenye bahasha. Mkono wake uliandika wenyewe juu ya bahasha kama ulivyozoea kuandika juu ya kila kitu kinachopita mezani pale: aina, tarehe, aliyekusanya, mahali. Kwenye aliyekusanya aliandika jina la baba yake. Kwenye mahali aliandika Saemgol.